Uzi Usiopigwa Fundo

Bafta mpya inanuka wanga na vumbi la dukani. Wiki tuliyomzika mama, dada yangu Kandida aliingia uani kwetu Msamala, mjini Songea, akitokea stendi, ameshuka basi la Mbinga, kifurushi kwapani, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimekwisha isikia harufu ile. Akina mama waliokaa mkekani walisikia harufu ya msiba, na hawakukosea. Mimi nilisikia mashindano ya taifa ya mashua za tanga kwa vijana. Najua haviingiliani, ndiyo maana naeleza.

Mashindano yale hayana historia niliyowahi kuiona mahali, na kila ninayemuuliza ananitazama kama niliyeota. Ninachojua ni hiki. Yalianzia pwani, na mwanzoni yalikuwa ya vijana wa pwani peke yao. Kisha watu wa Ziwa Victoria wakalalamika kwamba na wao wana maji, wakaingizwa. Ilikuwa miaka ile maduka ya ushirika yanafungwa moja baada ya jingine na mitumba inamwagwa chini sokoni, na kampuni za vinywaji zikagundua kwamba zinaweza kudhamini chochote chenye vijana ndani yake. Michezo ikapanuka. Mtu fulani huko Dar es Salaam akaitazama ramani, akaona Ruvuma nayo ina ziwa, tena kubwa.

Alichokiona kilikuwa kweli. Ambacho ramani haikumwambia ni kwamba ofisi ya mkoa iko Songea, na kutoka Songea kwenda Ziwa Nyasa ilikuwa safari ya kutwa nzima kupanda na kushuka milima ya Umatengo, kama lori halikukwama. Watoto wengi wa Songea tulilifahamu ziwa kwa njia moja tu, yaani dagaa wakavu.

Afisa Vijana wetu aliitwa Bwana Kileo, mtu wa Moshi, mrefu, mpole, mwenye bidii ya kazi ambayo mji ule haukuwa umemwomba. Aliletewa mashua ndogo ya mbao, pamoja na maagizo: tanga kila mkoa ushone lake, liwe jeupe. Mikoa mitatu inayopakana na Ziwa Nyasa ingekutana Mbamba Bay, na mshindi mmoja angekwenda Mwanza kwenye fainali. Angeweza kumtafuta kijana huko huko ziwani aliyezaliwa akipiga kasia. Lakini gari lilikuwa moja na mafuta ya shida, kwa hiyo alifanya ambalo mtu yeyote wa Songea angelifanya. Aliuliza mjini hapa Wanyasa ni nani.

Mama yetu alikuwa Mnyasa, kutoka kijiji cha jirani na Mbamba Bay. Kandida alikuwa mwanawe wa kwanza, yuko darasa la saba, ana mikono mirefu. Hesabu ya Bwana Kileo ikakamilika. Kwamba Kandida alizaliwa Msamala, akabatizwa Songea, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaingia yalikuwa ya kijito cha Matarawe yanayoishia magotini, halikumsumbua hata kidogo.

Alikuja nyumbani jioni moja kuomba ruhusa. Baba, ambaye ni Mngoni wa Maposeni, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Hata mimi nilipomwoa huyu waliniambia nitakula mbasa kila siku,” alisema. “Mpaka leo nakula maharage.”

“Mngoni akipewa samaki anauliza mahindi yako wapi,” mama akamjibu, kwa mazoea. Lakini hakucheka. Akamgeukia mgeni. “Bwana Afisa, huyu mtoto hajui maji.”

“Mama, ni damu,” alisema Bwana Kileo. “Damu haisahau.”

“Kaka yangu alikuwa na damu hiyo hiyo.”

Bwana Kileo hakuelewa, na hakuna aliyemwelewesha. Sisi tulijua. Kaka yake mama alizama ziwani kabla sisi hatujazaliwa, hakupatikana, na tangu hapo mama hakurudi kwao, hata kwa harusi. Kandida alijua pia, lakini alikuwa katika umri ambao mtu hujua jambo lisimzuie. Mwanza watu huenda kwa treni. Yeye hakuwahi kuona treni. Alitaka treni, na ziwa lilikuwa limekaa njiani tu. Alilia, akagoma kula, akaosha vyombo bila kuambiwa, mpaka baba akasema aende.

Mazoezi yalifanyika kwenye uwanja wa mpira. Mashua ilifungwa juu ya mkokoteni, ikawekewa tanga la mifuko ya mbolea iliyounganishwa, na upepo wa kipupwe wa Songea ulipovuma chombo kilisogea kwenye nyasi kwa mlio wa kuudhi, watoto nyuma yake. Bwana Kileo alikimbia kando na kijitabu chake. “Vuta!” alipiga kelele. “Vuta, Kandida, kaza kamba!” Mkokoteni ulikuwa mzito. Kadiri Kandida alivyovuta ndivyo ulivyokwenda, na alipolegeza ulisimama. Baada ya majuma machache alikuwa hodari kweli, hata wazee waliotoka misa ya asubuhi walisimama kumtazama. Hakuna aliyemfundisha kuachia kamba, kwa sababu katika uwanja wa mpira hakukuwa na sababu ya kuachia.

Ikabaki habari ya tanga lenyewe. Mifuko ya mbolea haikufaa, ilikuwa na maandishi ya kijani. Bwana Kileo alizunguka madukani. Mitumba ilikuwa milima, lakini ni mashati na makoti, na kanga zilikuwa na misemo yake. Kitambaa cheupe, kipana, kirefu, kisichokatwa, kilikuwa kimoja tu katika mtaa wetu, nacho kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mama.

Kila jumuiya ya kanisa kwetu huwa na akiba yake ya msiba. Ya kwetu ilikuwa sufuria kubwa, mikeka, na bafta ya kumfunika marehemu, na mtunzaji alikuwa mama. Akina mama walikutana, wakabishana, na Mama Osmunda, jirani yetu ambaye sauti yake ilisikika hadi barabarani, akatoa hukumu. Kitambaa kinaazimwa. Hakikatwi, hakipiti kwenye cherehani. Wakirudi kifumuliwe, kifuliwe, kirudi sandukuni, maana akifa mtu tutamfunika nini? Na uzi usipigwe fundo. Uzi wa kitambaa cha msiba haupigwi fundo, ili anayeondoka asifungwe.

Hayo yote niliambiwa nikiwa mkubwa. Wakati ule nilikuwa mdogo, sijaanza hata shule, na watoto wa kwetu hawaambiwi, wanaona. Niliona mama akilivuta sanduku la msiba hali hakuna aliyekufa. Niliona akimwambia Kandida alale chali mkekani, anyooke, kisha akaitandaza bafta kuanzia utosini hadi nyayoni, akatia alama kwa mkaa, akaisogeza, akapima tena. Bwana Kileo alikuwa amesema tanga liwe mara mbili ya kimo cha mwendeshaji. Mimi sikumsikia Bwana Kileo. Nilimwona dada yangu amelala, mikono ubavuni, na kitambaa kile juu yake.

Mama alikunja bafta pembetatu bila kuikata, akaacha mkunjo mmoja mrefu wa kupitishia mlingoti, akaketi kushona kwa mkono. Alitunga uzi, akapiga fundo mwishoni kama mshonaji yeyote. Kisha akalitazama lile fundo. Alilitazama kwa muda, akalikata kwa meno, akalitema, akaanza kushona kwa uzi mtupu. Nilikuwa nimekaa mbele yake na sijaisahau sura yake, ingawa hadi leo siwezi kusema ilikuwa sura ya nini. Nilijua tu maana ya uzi usio na fundo. Nilikwisha waona akina mama wakiwashonea wafu.

Basi nikafahamu kwamba Kandida anakufa, kwamba watu wazima wote wanajua, na kwamba mambo yanakwenda kwa utaratibu. Majirani walileta unga na maharage, kama kwenye msiba. Akina mama wa jumuiya walikuja jioni wakaimba. Padre alipita akanyunyizia bafta maji ya baraka. Baba, ambaye hakuwa mtu wa zawadi, alimnunulia Kandida viatu vya raba. Nani hununuliwa viatu bila Krismasi?

Sikulia, kwa kuwa sikuona mtu mwingine analia. Niliacha kumchongea kwa mama na nilimwachia minofu, maana marehemu hasemwi vibaya na nilidhani ni vizuri kuanza mapema. Kilichonishughulisha ni sweta lake la bluu.

“Dada, ukiondoka, sweta utaniachia?”

“Chukua,” alisema, bila hata kunitazama. “Huko niendako kuna joto.”

Hilo lilinitisha kuliko yote. Kandida alikuwa amekosa misa Jumapili mbili kwa ajili ya mazoezi, na katekista alikwisha tueleza vizuri kuhusu mahali penye joto.

Siku ya safari mama alisema naye anakwenda. Hakueleza. Alijifunga kanga mbili, akanishika mkono, akapanda lori lililobeba mashua kana kwamba alikuwa na ahadi na mtu. Baba alibaki na kazi yake. Tulipita mashamba ya kahawa ya Mbinga katika ukungu, mama akitapika kila kona na Bwana Kileo akimpa maji. Kisha barabara ikaanza kuteremka, hewa ikawa nzito na ya moto, watu wakavua makoti, na mimi nikaliona kwa mara ya kwanza lile ziwa. Sikujua kwamba ni ziwa. Nilidhani ni anga iliyoanguka upande mmoja. Mama alilitazama mara moja akainamisha kichwa.

Nduguze mama walikuja kumpokea, wakalia, naye akalia. Nikaona sasa angalau msiba umeanza rasmi.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya asubuhi, na yalikwisha upesi kuliko hotuba iliyoyatangulia. Mashua tatu, za Mbeya, Iringa na kwetu. Wale wengine walikuwa wavulana weusi wa jua, waliozaliwa majini, wakamtazama Kandida na raba zake wakacheka. Walitakiwa kwenda mpaka kwenye dumu la manjano lililofungwa jiwe na kuachwa lielee mbali kidogo na ufuko, walizunguke, warudi. Bwana Kileo alikuwa na filimbi na shati jeupe. Mama alisimama pale maji yanapoishia, vidole vya miguu vikavu.

Upepo ulikuwa nyuma yao, na tanga la mama, kwa kuwa halikukatwa, lilikuwa kubwa kuliko ya wenzake. Kandida akaongoza. Nasema kweli, akaongoza! Aliketi wima kama alivyoketi kwenye mkokoteni, kamba kiganjani, na akafika kwenye dumu wa kwanza, na Bwana Kileo akaanza kurukaruka mchangani akisahau cheo chake.

Akageuza. Na hapo mwera, ule upepo wa kusini unaojulikana vizuri na kila mtu wa ziwani isipokuwa timu ya Ruvuma, ukamkuta ubavuni. Mashua ikalala. Wavulana wale wawili waliolikaribia dumu walilegeza kamba zao bila hata kufikiri, na vyombo vyao vikatulia. Kandida akavuta. Mashua ikalala zaidi, maji yakaanza kuingia, naye akazidi kuvuta.

“Achia!” mama alipiga kelele. Alikuwa ndani ya maji hadi magotini. “Kandida, achia kamba!” Ufuko mzima ukaitikia, wavuvi, watoto, mashangazi, “Achia! Achia!” Bwana Kileo peke yake alibaki na filimbi mdomoni. Mama akawa ndani ya maji hadi mapajani, na sidhani kama alijua.

Kandida hakuachia. Uzi ndio ulioachia. Ulianza kule juu, kwenye ncha ya mlingoti, ukachomoka tundu baada ya tundu kwa jinsi uzi usio na fundo unavyochomoka, na bafta yote ikafunguka, ikapepea juu, ikashuka. Mashua ikainuka ghafla, ikakaa sawa. Na kitambaa kikamfunika Kandida kuanzia utosini hadi nyayoni, kama alivyopimwa. Kwa muda kulikuwa na umbo jeupe limeketi katikati ya ziwa, halitikisiki.

Nilimfuata mama hadi maji yaliponifika tumboni, nikamvuta kanga.

“Tayari?” nikamuuliza.

Mama alinitazama. Nadhani ndipo alipofahamu nilichokuwa nakifikiria siku zote zile, kwa sababu alinikamata bega kwa nguvu. Kisha kule mbali bafta ikatikisika, kichwa kikatoka, na Kandida akasikika akitukana kwa Kingoni maneno ambayo baba alidhani hatuyajui. Mama akaketi. Aliketi pale pale majini, maji yakamfika shingoni, akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikafurahi sana, ingawa nilifikiri pia juu ya sweta.

Wavuvi walimvuta hadi ufukoni. Mvulana wa Mbeya alikwisha shinda na kubebwa juu juu. Kandida alishuka na bafta mikononi, imelowa, akaitafuta pembe ya mkunjo, akaitazama kwa karibu. Hakuwa mjinga. Alikwisha mwona mama akishona miaka yote.

“Mama, hukupiga fundo.”

“Kitambaa si chetu,” alisema mama.

Hilo ndilo jibu alilolipata, na hakuwahi kupata jingine. Mama alifumua nyuzi zilizobaki, akaifua bafta kwa sabuni ya kipande, akaianika juu ya michongoma ya uani kwetu, ikarudi sandukuni. Mwezi haukuisha, mzee mmoja wa mtaa wa juu alifariki, na nikaiona imemfunika, na tundu ndogo za sindano pembeni bado zinaonekana. Nikaridhika. Niliona kwamba mtu mwingine amechukua zamu.

Mashindano nayo hayakudumu. Yalifanyika tena mara kadhaa, nasikia, yakirudi nyuma jinsi yalivyokuja: kwanza likaachwa Ziwa Nyasa, kisha Victoria, yakabaki pwani, halafu mdhamini akahamia kwenye urembo na mpira. Bwana Kileo alihamishiwa mkoa usio na maji kabisa. Mashua ya Ruvuma ilikaa nyuma ya ofisi ya mkoa, kuku wakatagia ndani yake.

Kandida hakuiona treni mpaka alipokuwa na watoto wake mwenyewe. Alijifunza ushonaji, akaolewa Mbinga, na huko anajulikana kwa sare za shule zisizofumuka. Wazazi husema mtoto atakua azipite kimo zikiwa bado nzima. Alimpenda mama na alimtunza. Lakini jambo lile lilikaa kati yao kama kigoda ambacho hakuna anayekikalia. Kila Krismasi, baada ya kula, lilirudi kwa mzaha usiokuwa mzaha.

“Mama, ungepiga fundo ningefika Mwanza.”

“Kitambaa hakikuwa chetu, mwanangu.”

“Uliogopa tu.”

Na mama alikuwa akiokota vyombo na kwenda navyo jikoni. Baada ya kuondoka Kandida nilikuwa nikitaka kumwuliza mama juu ya lile fundo alilolikata kwa meno, kama alilikata kwa sababu ya Mama Osmunda au kwa sababu ya kaka yake. Sikumwuliza. Kandida naye nilimwambia nilichokiona wakati mmoja tu, kwenye korido ya hospitali, mama akiwa amekwisha kuacha kusema. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama mama alilipiga kwanza, kabla ya kulikata. Nikamwambia ndiyo, alilipiga kwanza. Akarudi wodini.

Kwa hiyo alipoingia uani na kifurushi chake sikushangaa. Akina mama walikuwa wameshatoa bafta ya jumuiya. Sanduku ni lile lile, mtunzaji sasa ni Mama Osmunda, mzee sana, sauti imebaki. Kandida alimwamkia shikamoo, akawashukuru wote, akasema ya kwao waiweke. Akafungua ya kwake aliyoinunua Mbinga, akaitandaza juu ya mama tangu utosini hadi nyayoni, akakunja pindo. Akaomba sindano.

Alitunga uzi. Kisha akausokota mwisho wake katika kidole, kama afanyavyo kila siku.

“Mwanangu, kitambaa cha msiba hakipigwi fundo,” alisema Mama Osmunda. “Wewe unajua.”

“Najua, mama,” Kandida alisema. “Hiki ni chetu.”

Akapiga fundo, akalivuta likakaza, akapiga jingine juu yake.